Mwanangu kaambiwa ni "mwanafunzi wa kusikia", tangu hapo haandiki noti. Hii kitu ina ukweli?

#1 Mkazi wa Goba

Wakuu, habari za jioni. Nina kijana wangu yuko kidato cha pili, mwaka huu ana mtihani wa taifa. Mwezi wa tatu jirani alituletea habari za semina ya Jumamosi pale Sinza: wanawapima watoto "aina ya ubongo", halafu kila mmoja anapewa namna ya kusoma inayomfaa. Nikatoa 50,000. Kijana akapewa karatasi ya maswali 16. Ukipotea njia ungependa uelekezwe kwa ramani au kwa maneno? Ukinunua simu mpya unasoma kijitabu chake au unabonyezabonyeza tu mpaka ieleweke? Nusu saa baadaye akatoka na cheti chenye muhuri: MWANAFUNZI WA KUSIKIA.

Sasa cheti kimegeuka ngao. Noti haandiki tena. Anajirekodi kwenye simu ya mama yake, anachomeka hedifoni na kuzunguka uani akisikiliza bayolojia. Ukimwambia kaa mezani anakujibu, "Baba, mimi ni wa kusikia." Testi ya mwezi wa tano Bayolojia kapata 34. Kabla ya semina alikuwa anacheza kwenye hamsini na kitu.

Mimi enzi zangu tuliandika mpaka kidole kikaota sugu, wala hakuna aliyetupima. Je, kuna ukweli hapo? Na kama upo, huyu nimsomesheje? Walimu na wataalamu naombeni msaada.

#2 Kachumbari

Mkuu, hizo hedifoni umewahi kuzichomeka wewe mwenyewe? Isije ikawa bayolojia ya singeli.

#3 Mwalimu Chaki

Pole mzazi. Nafundisha sekondari huu mwaka wa 19, upande wa Temeke. Ukweli upo. Nina watoto nikichora figo ubaoni wanaamka, nikisimulia wanalala. Wengine ukiwapa noti ndefu wananakili mpaka nukta ya mwisho na hakuna kinachobaki, lakini siku nikipitia machinjioni nikaja na figo ya mbuzi, wakaishika kwa mkono, wiki tatu baadaye bado wanakueleza ilivyo ndani. Huwezi kuniambia watoto hawa wote ni sawa.

Hicho kipimo kinaitwa VARK. Alikianzisha Neil Fleming wa New Zealand, mtu aliyekuwa mkaguzi wa shule kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Lincoln hukohuko. Kilichomsumbua ni kwamba alikuwa anaona walimu wazuri kabisa wanashindwa kuwafikia baadhi ya wanafunzi, na walimu wa kawaida tu wanawafikia. Yeye na Colleen Mills wakachapisha andiko lao mwaka 1992. Makundi ni manne: kuona, kusikia, kusoma na kuandika, na kutenda. Kosa la semina yenu ni kumpa mtoto kundi moja kama kabila. Watu wengi huangukia zaidi ya moja.

#4 Mgeni Njiani

Naweka kiti hapa. Na mimi wa kwangu wanampima wiki ijayo, bora nimeuona huu uzi kabla sijalipa.

#5 Dkt Zamu ya Usiku

Shikamoo Mwalimu Chaki. Kwa heshima zote, nakupinga.

Kwamba watu wana wanachokipenda, hakuna anayebisha. Mimi mwenyewe napenda michoro. Swali la mleta mada ni jingine: je, mtu akifundishwa kwa njia anayoipenda, anaelewa zaidi? Kulijibu hilo si kazi ya cheti. Unawachukua hao "wa kusikia" unawagawa mafungu mawili, moja lisikilize somo, jingine lisome. Unafanya hivyohivyo kwa "wa kuona". Mwisho wote wanafanya mtihani mmoja. Kama nadharia ni kweli, wa kusikia waliosikiliza wawashinde wa kusikia waliosoma, na kwa wa kuona mambo yageuke. Mwaka 2008 wanasaikolojia Pashler, McDaniel, Rohrer na Bjork walipekua maandiko wakitafuta utafiti uliofanywa namna hiyo. Tafiti walizozikuta ni chache mno, na baadhi ya hizo chache matokeo yake yalipingana na nadharia yenyewe.

Halafu mifumo ya kuwapanga watu iko mingi. Coffield na wenzake mwaka 2004, Uingereza, walihesabu 71. Sabini na moja! Kwa huu ni wa kusikia, kwa ule ni wa kutafakari, kwa mwingine sijui nani. Mtoto wa Goba tungempima kote angerudi na faili la vyeti.

Na figo ya mbuzi, mwalimu wangu, haikumbukwi na "wa kutenda" peke yao. Inakumbukwa na darasa zima. Hilo ni somo zuri tu, umelifundisha vizuri.

#6 Bumu Limekata

Dkt usiwakatishe watu tamaa. Mimi ni wa kusikia na hapa Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar) nimeponea hapohapo. Mwaka wa kwanza nilijifungia hosteli Mabibo na madesa (noti za kunakili), nikavuna supu tatu, yaani mitihani ya kurudia. Mwaka wa pili nikaacha kusoma peke yangu, nikajiunga na diskasheni, saa 2 usiku mpaka saa 5, watu watano. Sijagusa supu tena. Nikisoma mwenyewe haiingii, nikisikia mwenzangu anaeleza inaingia moja kwa moja. Hayo ya mafungu sijui mawili sijui manne waachieni wenyewe.

#7 Kachumbari

#6 umesahau kutuambia kwenye hiyo diskasheni mlikuwa na kina dada wangapi.

#8 Bumu Limekata

Wawili. Haihusiani.

#9 Kachumbari

Inahusiana mkuu. Hiyo ndiyo staili yako.

#10 Dkt Zamu ya Usiku

Tukiacha utani, #6 hebu jibu hili kwa uaminifu: kwenye diskasheni ulikuwa unasikiliza tu au na wewe ulikuwa unapewa zamu ya kueleza?

#11 Bumu Limekata

Zamu ilikuwepo. Kila mtu anabeba mada yake, usipojiandaa wanakuzomea. Mara ya kwanza nilisimama mbele ya ubao nikakwama dakika nzima, nusura nitoke nje.

#12 Dkt Zamu ya Usiku

Basi dawa ilikuwa ile dakika moja. Wewe unaita kusikia, mimi naona ni kukivuta kitu kutoka kichwani bila kuangalia karatasi. Roediger na Karpicke, Marekani, mwaka 2006, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Kundi moja likasoma mara nne. Jingine likasoma mara moja, halafu mara tatu likaandika kila linachokumbuka huku kifungu kimefichwa. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele, 83 kwa 71 kwa mia. Baada ya wiki moja meza ikapinduka: waliorudia kusoma 40, waliojipima 61.

Angalieni hiyo ya dakika tano, ndiyo inayowaua watu. Ukitoka kusoma mara ya nne unajiona bingwa, unafunga daftari unalala. Kijana wa mleta mada akitoka uani na hedifoni naye anajiona hivyohivyo. Maneno yamemzoea masikioni, anadhani anayajua.

#13 Ustadhi Magomeni

Assalaam aleykum. Mnayozungumza madrasa tunayafanya miaka nenda rudi. Mtoto wa hifdhi (anayehifadhi Qur'ani) hatumuulizi wewe ni wa kuona au wa kusikia. Anasikia kwa mwalimu, anatazama msahafu, anatamka kwa mdomo, kisha anafunga anasoma kwa moyo mbele yangu. Viungo vyote vinafanya kazi. Asubuhi analeta fungu jipya, jioni anarudi kwenye ya jana na ya juma lililopita, hata juzuu ya mwaka jana ina siku yake. Akiacha kurudia, inamtoroka. Imefananishwa na ngamia aliyefungwa kamba, usipomwangalia utakuta kamba tupu.

Nimeona wanaoshika haraka na wanaoshika polepole. Sijamwona aliyeshika bila kurudia.

#14 Mnoko

Ustadhi, waleykum salaam. Hapo umegusa jambo ambalo Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alilipima juu ya kichwa chake mwenyewe na kulichapisha mwaka 1885. Alitunga silabi zisizo na maana, akazikariri, akawa anajipima baada ya muda mfupi, baada ya siku, baada ya wiki. Sehemu kubwa inapotea mwanzoni kabisa, baadaye mporomoko unapungua. Na akaona kurudia kwa kuachanisha siku kunashinda kurudia kwa mkupuo. Madrasa walishalijua hilo kabla yake, hawakuchora tu grafu.

#15 Sumu ya Panya

Hifdhi ni kukariri jamani. Bayolojia inataka kuelewa. Nchi hii tumefika hapa kwa sababu ya kumeza na kutapika. Na hao wanasaikolojia wameshasema binadamu ana akili nane, Howard Gardner ndiye aliyetengeneza hiyo VARK, kuna akili ya muziki, ya mwili, ya namba. Huyo mtoto labda ni wa muziki, mpelekeni studio.

#16 Mnoko

#15 umechanganya madebe. VARK ni ya Fleming, soma #3. Gardner ni wa Harvard, kitabu chake ni cha 1983 na alianza na akili saba, ya nane (ya mambo ya asili) aliiongeza baadaye. Tena Gardner mwenyewe amesema hadharani kwamba akili zake si staili za kujifunza. Yeye anasema mtu anaweza kuwa hodari kwenye jambo fulani. Hajasema utafundishwa hesabu kwa ngoma kwa sababu unapiga ngoma.

Na kabla mtu hajaja na hoja ya "walimu wote wanajua": mwaka 2012 kina Dekker waliwauliza walimu wa Uingereza na Uholanzi kama mtu hujifunza vizuri zaidi akifundishwa kwa staili anayoipenda. Asilimia 93 Uingereza na 96 Uholanzi wakasema ndiyo. Kwa hiyo Mwalimu Chaki hayuko peke yake, lakini wingi wa watu si ushahidi.

#17 Ustadhi Magomeni

Ndugu yangu #15, hata huko kuelewa unakuelewea nini kama kichwani hakuna kitu? Usipolikumbuka neno utalifasiri lipi?

#18 Mwalimu Chaki

Mnoko, Dkt, nimewasoma. Darasani kwangu wako 87. Hao wa maabara za Marekani waliketi kila mtu na kiti chake. Mimi nikisema "leo tunajipima bila kuangalia daftari", dawati lenye watoto wanne tayari watatu wanaangalia kwa mmoja. Staili au si staili, nikibadilisha njia mara tatu ndani ya kipindi, kuna watoto nawapata ambao nisingewapata. Hilo nimeliona kwa macho yangu, si kwa andiko.

#19 Mama Nasra

Naomba niweke la kwangu ingawa si msomi. Binti yangu Nasra tangu darasa la tatu walimu walikuwa wananiambia "huyu ni wa kusikia, ukimsimulia anashika, ukimwandikia hashiki". Tukakubali. Nikawa namsomea kila kitu usiku, mpaka sauti inakauka. Darasa la sita shangazi yake alikuja kututembelea, wakakaa kibarazani, akamwambia nisomee lile bango la duka la dawa ng'ambo ya barabara. Nasra akauliza, "Bango gani?"

Tukampeleka hospitali. Miwani. Siku ya kwanza kuivaa alisimama getini akaniambia, "Mama, kumbe mwembe una majani mojamoja." Nililia pale barabarani, sikuona haya. Miaka mitatu tumemwita wa kusikia, mtoto alikuwa haoni ubao.

Baba wa Goba, kabla ya yote mpime macho.

#20 Mkazi wa Goba

Mama Nasra umenishtua. Nitampeleka. Wengine wote asanteni, nasoma kila kitu.

#21 Bumu Limekata

#19 hiyo ya mwembe imenikalia.

#22 Mzaramo Halisi

Mnazunguka mbuyu wakuu. Tatizo la watoto wetu ni lugha. La kwanza mpaka la saba kwenye shule zetu za kawaida anafundishwa kwa Kiswahili, anajua usanisinuru ni mmea kujipikia chakula kwa mwanga. Kidato cha kwanza anaingia darasani anakuta usanisinuru ule ule umevaa suti ya Kiingereza, hamjui. Afanyeje? Anakariri. Halafu mnamwita "wa kusikia" kwa sababu anarudia sauti asizozielewa. Kasuku naye ni wa kusikia.

Mleta mada fanya hivi: muulize mada yoyote kwa Kiswahili cha nyumbani. Akijibu, ujue kichwa chake ni kizima.

#23 Sumu ya Panya

Hapo #22 nakuunga mkono kwa miguu yote.

#24 Hesabu za Mbagala

Mimi nasomea CPA (uhasibu) huku nimeajiriwa. Natoka Rangi Tatu saa 11 alfajiri, nikipata kiti kwenye daladala nina kama saa nzima ya kwangu. Staili yangu naijua? Hapana. Najua tu kwamba kitabu cha kurasa 600 hakifunguki mtu kakukalia begani.

Nilichofanya: nikakata maboksi ya biskuti, vipande kama karata. Mbele swali, nyuma jibu. Mfano mbele naandika "IAS 2 (kanuni ya kimataifa ya uhasibu), bidhaa stoo inathaminiwaje?" Nyuma: "gharama au thamani halisi ya kuuzika, iliyo ndogo." Kipande kingine: "LIFO (cha mwisho kuingia, cha kwanza kutoka) ruksa?" Nyuma: "hapana." Nyumbani nina boksi la viatu nimeligawa vyumba vitano. Nikijibu sawa kadi inasogea chumba kinachofuata, ambacho nakifungua mara chache zaidi. Nikikosea inarudi cha kwanza, nakutana nayo kesho yake. Nilidhani nimegundua mimi, kumbe kuna mwandishi wa Kijerumani, Sebastian Leitner, aliieleza hiyo tangu 1972.

Siku moja karata zilinimwagikia pale Mtongani, abiria wakaniokotea. Dada mmoja akasoma moja kwa sauti kabla ya kunipa, nikamjibu, akageuza kuhakiki. Tukaenda hivyo mpaka Bendera Tatu.

#25 Kachumbari

Ndoa lini?

#26 Hesabu za Mbagala

Alishuka bila kuaga na karata yangu ya uchakavu wa mali anayo mpaka leo.

#27 Konda wa Zamani

Nimecheka hapo Bendera Tatu. Mimi nilipiga ukonda miaka sita, njia ya Gongo la Mboto. Gari imejaa, nilikuwa najua nani kalipa, nani ana chenji yake, nani kasema atalipa mwenzake wa nyuma. Sijawahi kuandika. Lakini darasani nilikuwa wa mwisho, jedwali la saba lilinishinda. Sasa mnaniambia mimi ni wa nini? Ninavyoona mimi, kichwa kinashika kitu ambacho usipokishika unalala njaa. Mwenye gari anataka hesabu yake jioni. Mtoto wa Goba akikosa bayolojia halali njaa.

#28 Mnoko

#27 hoja nzito kuliko nyingi humu. Ila kuna jambo jingine: ulikuwa unajipima kila kituo. Ukimdai aliyelipa unatukanwa palepale. Unapata majibu sekunde hiyohiyo, mara mia kwa siku.

#29 Binti Manzese

Hakuna anayezungumzia kelele? Kwetu ukuta na ukuta. Jumamosi kuna kigodoro mpaka alfajiri, umeme ukikatika ndiyo pona yako kwa sababu muziki unazima. Nilisoma PCB (Fizikia, Kemia, Bayolojia) kwa kulala saa 1 jioni na kuamka saa 8 usiku. Watu wakasema mimi ni "mtu wa usiku". Mimi si mtu wa usiku, mimi ni mtu wa Manzese. Nilipopata chumba chuoni nikaanza kusoma mchana kama binadamu wengine. Hizo staili nyingine ni nyumba tu.

#30 Mgeni Njiani

Saa 8 usiku na mbu wa Manzese? Wewe ungesoma hata chini ya maji.

#31 Mkazi wa Goba

Nimerudi na ripoti. Jana baada ya chakula nilimwita kijana mezani, nikageuza kalenda ya mwaka jana upande mweupe nikampa peni. Nikamwambia funga kila kitu, nichoree moyo, unionyeshe damu inavyopita.

Akachora kopa, ule wa kadi za wapendanao. Akaugawa vyumba vinne, vizuri. Akaanza mshale wa damu inayotoka mwilini, ikaingia juu, ikashuka chini, ikaenda mapafuni. Nikamuuliza, "Ikitoka mapafuni inarudi chumba gani?" Kimya. Peni imesimama hewani. Halafu akafumba macho akaanza kutamka Kiingereza chini chini, kama anaimba. Nikamsikiliza: alikuwa anaanza ile rekodi yake mwanzo kabisa, sentensi ya kwanza ya mada, ili afike huko kwenye jibu. Kama mtu aliyesahau ubeti wa tatu, analazimika kuanza wa kwanza. Nikamkatiza kidogo tu kwa makusudi. Akapotea, akaanza upya.

Nikakumbuka #22, nikamwambia basi nieleze kwa Kiswahili, chukulia ni pampu mbili zimekaa bega kwa bega. Akafika mbali zaidi, akasema moja inasukuma mapafuni na nyingine mwilini. Ile ya mwilini akaijua ina ukuta mnene kwa sababu "inasukuma mbali". Hilo sikumfundisha mimi. Ila kulia na kushoto vikamvuruga, kwa kuwa kulia kwa moyo kwenye karatasi kuko kushoto kwake.

Sasa niambieni ni lugha, ni hedifoni, au ni mimi nimemtisha?

#32 Mzaramo Halisi

Nilisema.

#33 Dkt Zamu ya Usiku

Hapana mzee, usijipe ushindi. Kiswahili kimemsaidia, sawa, lakini ametoa wapi hiyo ya ukuta mnene? Ni swali la baba yake lililomlazimisha afikiri. Swali lilelile akiulizwa kwa Kiingereza mara nne ndani ya wiki mbili, naye atalijibu. Mkazi wa Goba, wiki hii mwache kidogo, Jumamosi mchoreshe tena bila kumtangazia. Na huo mchoro wa kalenda usiutupe.

#34 Ustadhi Magomeni

Hilo la kuanza mwanzo tunalijua sana. Ndiyo maana mtoto wa hifdhi hatumpimi kutoka mwanzo wa sura. Tunamsomea nusu ya aya ya katikati, tunamwambia endelea. Asiyeweza kuendelea, bado hajahifadhi, amezoea njia tu.

#35 Mwalimu Chaki

Mimi naona mmethibitisha nilichosema. Kusikia kumemshinda, kuchora kumemfungua. Huyo ni wa kuona na kutenda, cheti kilikosea kundi.

#36 Mnoko

Mwalimu!!! Kwa hesabu hiyo nadharia haiwezi kukosea kamwe. Akifaulu ndiyo staili yake, akifeli tumekosea staili. Moyo ni kitu chenye umbo na mwelekeo, utamwelezaje mtu kwa sauti tupu? Hata huyo wa kusikia kabisa lazima auone. Na matamshi ya Kiingereza hata wa kuona lazima ayasikie. Kinachochagua njia ni somo lenyewe.

Na kwa wapenzi wa VARK: Husmann na O'Loughlin, Chuo Kikuu cha Indiana, 2019, waliwafuatilia wanafunzi wa anatomia waliopimwa kwa VARK. Wengi hawakusoma kwa staili waliyoambiwa, na waliosoma kwa staili yao hawakuwazidi wenzao alama.

#37 Mwalimu Chaki

Sawa, Mnoko. Lakini nikuulize, mtoto aliyekuwa hashiki daftari kabisa, akiambiwa "wewe una kipaji cha kusikia" akapata moyo wa kuanza, hilo nalo ni hasara? Nina kijana aliambiwa hivyo akaacha utoro. Mimi hilo siwezi kulidharau.

#38 Binti Manzese

Hapo mwalimu ana hoja. Ila wa Goba aliambiwa hivyohivyo akaacha kuandika.

#39 Sumu ya Panya

Kwa hiyo mtoto ana macho mabovu, Kiingereza kibovu, nyumba ina kelele, hana njaa na cheti ni feki. Mpelekeni tu VETA akasomee ufundi.

#40 Konda wa Zamani

VETA kuna nini kibaya? Mdogo wangu fundi umeme, anakulisha wewe na akili zako nane.

#41 Hesabu za Mbagala

Uzi usipotee jamani. Goba, karatasi ngumu ni bure, boksi la viatu unalo. Aandike karata zake mwenyewe, usimwandikie.

#42 Mkazi wa Goba

Ripoti ya mwisho kwa leo. Nimetoka kupima macho. Nilimpeleka kijana, na mdogo wake wa kike wa darasa la nne akang'ang'ania kuja kwa sababu aliahidiwa juisi ya miwa.

Kijana macho safi kabisa, alisoma mpaka mstari wa chini. Kwa hiyo Mama Nasra, kwake siyo hiyo. Yule mtaalamu akamwambia mdogo mtu, njoo na wewe ujaribu. Mstari wa tatu akaanza kubahatisha. Wa nne akanyamaza. Miwani tunachukua Alhamisi.

#43 Mama Nasra

Alhamdulillahi mmelijua mapema. Na darasani alikuwa anafanyaje?

#44 Mkazi wa Goba

Ndicho kinachonichanganya, dada yangu. Anashika namba ya tatu katika watoto sitini na kitu. Kwenye gari nikamuuliza ubaoni ulikuwa unasomaje. Kanijibu, "Mwalimu huwa anasema huku anaandika. Mimi namsikiliza."